Mwanagenzi wa fimbo aanzie wapi

Mafunzo ya fimbo huharibika au hutengenea katika saa ya kwanza. Mapigo yenyewe hayana uzito mkubwa hapo; kinachoamua ni nani anampiga nani, kwa fimbo ya aina gani, na nani ameshika kasi. Walimu wengi huanzia kwenye pigo kwa sababu ndilo linalowavuta vijana. Mimi nashikilia kwamba pigo lingoje. Mwanagenzi afundishwe kwanza masafa, yaani umbali ambao mwenzake anamfikia na ule ambao hamfikii. Nyenzo za kumfundishia zimo tayari katika kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu na Zanzibar, na sioni sababu ya Kasongo na Kabambare, huku Maniema nchini Kongo, kuuacha mchezo huo ubaki wa pwani peke yake.

Tuanze na mkono. Mtu mzima wa Maniema ya kusini anayeshika fimbo ya mapigano kwa mara ya kwanza huja na mkono uliolelewa na panga. Vidole vyote vitano vimebana, pigo linaanzia begani, na halikomi mpaka likutane na kitu. Shambani hivyo ndivyo inavyotakiwa: mti haujibu, na nguvu isiyozuiwa ndiyo inayouangusha. Mbele ya mtu mwenye fimbo, pigo hilohilo likikosa hupitiliza, kiwiliwili hugeuka nalo, na ubavu hubaki wazi. Dawa yake ni ndogo na inachosha: vidole vitatu vya mwisho vikaze, gumba na kidole cha shahada vilegee, na fimbo izuiwe na kifundo cha mkono kabla ya kufika kwenye shabaha. Mkufunzi anayeanza kwa kusema "piga" anaukomaza mkono wa panga. Anayeanza kwa kusema "simama pale ambapo ncha yake haikufikii, kisha sogea nusu hatua" analazimisha miguu ifanye kazi kwanza, na mkono unapata nafasi ya kusahau.

Hapa ndipo kirumbizi kinapofaa. Wachezaji wawili huingia katikati ya duara la watu, kila mmoja na fimbo yake, huku ngoma na zumari vikilia, iwe harusini au katika sherehe za Maulidi za Lamu. Mtazamaji wa juujuu huona burudani tu. Kwa jicho la mwalimu, ngoma inafanya kazi ambayo kocha mwenye filimbi haiwezi kwa urahisi. Kwanza, inawaambia wote wawili pigo litatua lini. Mwanagenzi akishajua lini, kinachobaki kwake kukisia ni wapi na umbali gani. Mzigo wa akili umepunguzwa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kasi imetolewa mikononi mwa wapiganaji. Vijana wawili wakiachiwa kasi wao wenyewe, pigo la kwanza linalouma hurudishiwa kwa nguvu zaidi, na baada ya dakika moja mafunzo yamegeuka ugomvi. Kasi ikiwa kwa mpiga ngoma, hasira haina pa kuingilia. Mzee aliyekaa na ngoma akiona bega la mmoja limepanda, anapunguza mwendo na wote wawili wanapoa bila mtu kukemewa.

Wapo watakaosema ugomvi wa kweli hauna ngoma, kwa hiyo anayejifunza kwa mdundo atatabirika. Ni kweli kwamba mdundo usipoondolewa kamwe unazaa mchezaji wa ngoma tu. Lakini swali letu ni la mwanzo, na ushahidi wa mwanzo hauko Lamu peke yake. Tahtibu ya Misri ya Juu, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, nayo huchezwa kwa ngoma na zumari. Katika shule ya Kijapani ya Shinto Muso-ryu, inayofundisha fimbo dhidi ya upanga, njia ni nyingine ila hesabu ni ileile: aliyebobea ndiye anayeshika upanga na ndiye anayeshindwa, ili masafa yawe sahihi kila mara na mgeni aonje ushindi uliotengenezwa vizuri. Kosa kubwa katika mafunzo ya siku moja au mbili ni kumpanga mgeni na mgeni, eti wanalingana. Wanalingana katika kutojua umbali, na hapo ndipo vidole vinapovunjika.

Kuhusu fimbo zenyewe sina maneno mengi. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, mahali ambapo zamani zilitumika fimbo; nguvu imebaki, madhara yamepungua. Mgomba haukosekani Kasongo, na unatosha kwa wiki za mwanzo. Baadaye itumike henzirani, ambayo Wafilipino wanaipenda katika arnis, mchezo wao wa taifa kisheria tangu 2009. Ni ngumu hadi ndani, na ikichoka huchanika nyuzinyuzi. Mwanzi una uwazi ndani, nao ukipasuka huacha makali ya kukata, usitumike.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Kirumbizi ni cha pwani, na pwani iliingia Maniema pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kabla ya kikosi cha Mbelgiji Dhanis kuuteka mji Aprili 1893. Uchungu huo ni wa haki na hautakiwi kufunikwa. Hata hivyo Kiswahili, mpunga na Uislamu vilikuja kwa njia hiyohiyo, na wajukuu wa waliobebeshwa pembe wamevifanya vyao kwa zaidi ya karne. Mchezo hauna hatia zaidi ya lugha. Na asiyetaka ngoma kwa sababu za dini apige makofi. Mdundo ni uleule.

Lipo pia la Kabambare, ambako watu wa Salamabila wamewaona wanamgambo wa Malaika na bunduki zao kando ya mgodi wa Namoya. Mzazi wa huko akiuliza kwa nini mwanawe afundishwe silaha nyingine, anastahili jibu la kweli. Fimbo haitamnyang'anya mtu bunduki, na mkufunzi anayeahidi hivyo anadanganya. Anachoweza kumwonyesha mzazi ni utaratibu: wageni wanakaa wiki kadhaa na mgomba, kila mmoja mbele ya mzoefu, kasi ikiwa kwa mzee ambaye kijiji kinamjua, na hakuna anayeruhusiwa kucheza bila mdundo mpaka aweze kusimamisha fimbo mara kumi mfululizo upana wa kiganja kabla ya bega la mwenzake. Mzazi aitwe aje kuhesabu.