Ile windo iliyopigwa dakika ya tisa

Kuna video ya fundi wa kompyuta akiwa kazini, siisimulii yote. Kompyuta ya mezani ya nyumbani, imezimwa tangu Ijumaa, Jumatatu asubuhi inawashwa haina mtandao. Fundi kaanza vizuri: kakagua waya wa LAN pande zote mbili, taa ya kijani inawaka, kauhamishia tundu jingine kwenye ruta. Hapo sina neno.

Dakika ya tisa akaandika ipconfig. Simamisheni video hapo hapo. Anwani inasomeka 169.254.37.112, mstari wa getiwei mtupu. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa mbele ya macho yake! Anwani ya 169.254 kompyuta hujipa yenyewe ikimwita mgawaji wa anwani (DHCP) ikakosa wa kuitika. Windows inafanya hivyo tangu toleo la 98, na mwaka 2005 utaratibu ukawekwa rasmi kwenye RFC 3927. Kadi imeonekana, draiva ipo, na windo imefanya kile hasa inachotakiwa kufanya. Wa kuhojiwa kwanza ni mgawaji wa anwani, naye anakaa ndani ya ruta.

Fundi akaangalia, akafunga, akatamka: “Mama, windo imekufa hii.”

“Na picha zangu je, mwanangu?”

“Zipo D, mama, usiwe na wasiwasi.”

Hazikuwa D. Zilikuwa kwenye desktop, na desktop iko C. Folda lenyewe lilikuwa linaonekana pembeni ya kile kidirisha cheusi muda wote. Flashi ikachomekwa ili kupiga windo, yaani kuweka Windows upya.

Wanaomtetea wanasema simu za mle ndani zilikuwa zinaperuzi kama kawaida, basi ruta ilikuwa nzima na kosa ni la kompyuta. Hoja hiyo ndiyo iliyomponza. Simu zilishaazimwa anwani zao zamani, na kila muda ukifika nusu zinaomba kuongezewa, zinaongezewa. Kompyuta iliyozimwa tangu Ijumaa muda wake ulishakwisha, imekuja kupanga foleni upya. Kulipima hilo ni kazi ndogo sana: unaipa kompyuta anwani kwa mkono, tuseme 192.168.1.50, getiwei unaweka ya ruta, 192.168.1.1, halafu unaipigia ruta ping. Ikijibu, waya, kadi, draiva na windo vyote vimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa kwa mpigo mmoja. Huyu bwana hata ipconfig /renew hakuigusa.

Marehemu Mike Muuss aliiandika ping Desemba 1983, kazi ya jioni moja, kwa sababu mtandao wa maabara ya jeshi la Marekani alikofanya kazi ulikuwa unamletea vituko. Mtu alikosa kipimo, akatengeneza kipimo. Wakongwe wetu wa intaneti kafe nao walikuwa na mpangilio wa kupiga ping: 127.0.0.1, kisha anwani yako mwenyewe, kisha ruta, kisha nje. Hawakuruka hatua. Siku hizi flashi ya windo ya kuchakachua ndiyo Panadol, kichwa panadol, goti panadol. Nililipigia kelele hili Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika chini ya bahari, na bado mtaani kwetu kuna watu walipigiwa windo. Kwa kosa lililoko baharini!

Tuendelee. Windo mpya ikawaka, ipconfig ikaandikwa, 169.254 ikarudi pale pale. Fundi akaanza kuilaumu kadi ya mtandao, akataja na bei ya mpya.

Dakika ya 41 binti wa nyumba akafungua ukurasa wa ruta kwa simu yake. Anwani za kugawa zilikuwa zimewekwa kuanzia 100 hadi 109, yaani kumi tu kwa nyumba nzima. Zote zimeshikwa, nyingi na simu za wageni wa harusi ya Jumapili: wenyewe walishaondoka, saa 24 za kuazima zilikuwa hazijaisha. Binti akafuta 109 akaandika 199, akahifadhi. Kompyuta ikapata 192.168.1.110 bila maswali.

Fundi akadai elfu thelathini ya kupiga windo, akapewa.