Bolti, Kigingi na Spesa: Uhakiki wa Istilahi za Gurudumu

Wafasiri wa maelekezo ya ufundi wa magari wamezoea kutumia neno moja, bolti, kwa kila chuma chenye hesi kinachoshika gurudumu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo haitoshelezi, na kwamba upungufu wake si wa ufasaha tu, bali unaweza kuhatarisha maisha.

Mfano wetu ni Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Magari ya zama hizo yamerudi barabarani katika East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003. Gari la namna hiyo likiwekewa rimu pana au breki kubwa kuliko za kiwandani, huenda gurudumu likagusa breki au springi. Fundi hulisogeza nje kwa kuweka kisahani cha madini baina ya habu na gurudumu. Kisahani hicho hula urefu wa chuma chenye hesi. Kwa hiyo chuma hicho nacho hakina budi kubadilishwa, kiwekwe kirefu zaidi. Vitu ni viwili, na kila kimoja kinadai jina lake.

Tuanze na chuma chenye hesi. Katika Volkswagen Golf, bolti hupita katika rimu na kuingia katika habu. Gurudumu likitolewa, bolti nazo hutoka. Katika Datsun, chuma hicho husukumwa kwa nguvu kutoka nyuma ya habu mpaka meno yake madogo yaume tundu, kisha hubaki humo. Kinachofunguliwa ni nati peke yake. Basi sentensi "Ondoa bolti za gurudumu" ni sahihi kwa gari la kwanza, na ni kosa kwa la pili. Wako wanaodai kwamba tofauti ni kichwa: bolti inacho, kile kingine hakina. Hoja hii haisimami, kwani chuma cha Datsun nacho kina kichwa, ila kimejificha nyuma ya habu. Tofauti ya kweli ni kwamba kimoja hutoka na kingine hukaa.

Kutohoa hakutusaidii hapa: neno la Kiingereza likiswahilishwa huzaa stadi, nasi tayari tunaye fundi stadi. Msumari nao hugongomewa, wala hauna hesi. Kigingi twakijua: hukaa pale kilipokitwa, na kitu kingine ndicho hufungwa kwacho. Dhana ndiyo hiyo hiyo.

Kuhusu kisahani, wapo waandikao washa nene. Hapa ndipo hatari ilipo. Washa hukaa chini ya nati, upande wa nje. Hailisogezi gurudumu hata kidogo, bali hupunguza hesi inayoshikwa na nati. Kitenganishi ni neno zuri kwa umbo, lakini muuza vipuri hatalitambua. Spesa hutamkika bila taabu, wala haligongani na neno jingine. Hatuoni sababu ya kulikataa.

Faida ya majina haya huonekana katika hesabu. Kigingi cha Datsun kina kipenyo cha milimita 12, na kanuni ya kawaida ni kwamba nati ishike hesi kwa urefu usiopungua kipenyo hicho. Spesa ya milimita 20 ikiwekwa juu ya vigingi vya asili, nati hupoteza milimita 20 za hesi, na huenda ikashika mizunguko michache tu. Gari likiwa gereji gurudumu litaonekana limekaza. Katika barabara ya mashimo litachomoka.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) bolti: kinachotoka ili gurudumu litoke;

(b) kigingi cha gurudumu: kinachobaki katika habu na kufungwa kwa nati;

(c) spesa: kinachokaa baina ya habu na gurudumu. Ile yenye vigingi vyake yenyewe iitwe spesa ya vigingi, maana hiyo haidai vigingi vya habu virefushwe.

Mfasiri akishika tofauti hizi, sentensi "Ukiweka spesa, badilisha vigingi" itamtosha fundi bila maelezo zaidi. Asipozishika, msomaji ataongeza washa, akaze nati, na kuondoka akiamini kwamba ametii kitabu.