Kilomita 25 za Karatasi

Tangazo la tarehe 24 Machi 2021 halikupaswa kutolewa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba hakuna aliyeweza kujua. Siku hiyo kampuni ya Total na serikali ya Msumbiji walitangaza kuwa wafanyakazi wataanza kurejea eneo la Afungi, mkoani Cabo Delgado, kuendeleza mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Siku hiyohiyo waasi, wale wanaoitwa mashababi, wakaingia mji jirani wa Palma.

Mliofuatilia uasi wa Cabo Delgado tangu ulipoanza Oktoba 2017 mnaijua ramani. Total ilipunguza watu wake Januari 2021, mapigano yalipofika hadi jirani na kijiji cha Quitunda, ikataka ulinzi uimarishwe kabla ya kurudi. Serikali ikajibu kwa kutangaza eneo maalumu la usalama, kilomita 25 kuuzunguka mradi, litakalolindwa na vikosi vya dola peke yavyo. Kampuni ikaridhika. Hapo ndipo tathmini ya hatari ilipogeuka kazi ya ukarani: sharti lilitimizwa kwenye waraka, na waraka ukahesabiwa kuwa ulinzi.

Chukua ramani uhesabu upya. Palma yenyewe imo ndani ya duara hilo. Kusini yake Mocímboa da Praia, mji wenye bandari na uwanja wa ndege, ulikuwa mikononi mwa waasi tangu Agosti 2020, na siku ya tangazo ulikuwa bado mikononi mwao. Barabara za kuingilia Palma hazikuwa salama na chakula kilikuwa cha shida. Adui ana bandari, wewe huna barabara, halafu unawaita wakandarasi warudi kazini! Mamia ya askari walikuwa wamepangwa kuilinda Afungi kwa makubaliano kati ya kampuni na serikali, huku mji wenye raia, wakimbizi wa ndani na wakandarasi wadogo ukiachiwa ulinzi hafifu. Mshambuliaji yeyote huanzia palipo wazi, na palipokuwa wazi ni Palma.

Yaliyofuata yanafahamika. Watu wapatao 200, wageni kwa wenyeji, walijibanza katika hoteli ya Amarula wakitegemea helikopta chache za kampuni binafsi ya Afrika Kusini. Tarehe 26 msafara wa magari 17 ulijaribu kutoka, ukavamiwa njiani, na magari 7 tu ndiyo yaliyopenya. Maelfu ya wenyeji, wasemaji wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, walikimbilia Quitunda, kwenye uzio wa Afungi. Wengine walivuka mto Ruvuma kuja kwetu Tanzania, na UNHCR ikalalamika kwamba tuliwarudisha maelfu. Hilo nalo ni doa letu. Mwanzoni mwa Aprili Total iliondoa watu wake wote, na tarehe 26 ikatangaza kuwa imezuiwa na hali iliyo nje ya uwezo wake. Uamuzi wa Machi ulikuwa ndani ya uwezo wake kabisa. Kampuni inakana kuwa ilizembea, na tangu Machi 2025 suala liko kwenye uchunguzi wa kimahakama Ufaransa.

Sharti lilipaswa kuwa moja: Mocímboa irudi kwanza. Wala hilo halikuwa jambo lisilowezekana. Askari wa Rwanda wapatao 1,000 walifika Julai 2021, na tarehe 8 Agosti mji ukakombolewa. Miezi minne na nusu ya subira, basi.

Kinyume chake, kampuni ya Eni iliweka mtambo wake wa gesi wa Coral Sul baharini, mbali na mapigano hayo, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Sina la kuongeza.

Nirudie lalamiko langu la zamani, maana hapa ndipo mahali pake. Mwaka 2013 Msumbiji ilikopeshwa kwa siri dola milioni 622 kupitia kampuni iitwayo ProIndicus, kwa kazi ya kulinda pwani. Pwani hiihii. Kashfa ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili waligoma na uchumi ukayumba. Manuel Chang, waziri wa fedha aliyesaini dhamana za mikopo hiyo, alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Bado wapo wachambuzi wanaoweka ufisadi safu moja na usalama safu nyingine, kana kwamba havikutani. Bandari ya Mocímboa ilianguka mikononi mwa waasi katika nchi iliyokwisha kukopa kwa jina la kuilinda bahari yake.

Msumbiji hiyohiyo imewahi kutanguliza usalama kabla ya mradi. Miaka ya 1980 waasi wa RENAMO waliangusha nguzo za umeme wa bwawa la Cahora Bassa. Bwawa likabaki zima lakini umeme hauuziki. Rais Joaquim Chissano alilielewa somo hilo. Alikwenda Roma kusaini amani na Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, tarehe 4 Oktoba 1992, akapita kwenye uchaguzi wa 1994, ndipo kiwanda cha Mozal kikaja: ujenzi ulianza 1998, na mwaka 2000 alumini ikatoka. Malaria ilipowaangusha wafanyakazi, Mozal iliunga mkono mpango wa pamoja wa Msumbiji, Afrika Kusini na Swaziland wa kupuliza dawa kwenye nyumba za wenyeji. Usalama wa kiwanda ulitafutwa nje ya ukuta wake. Sijaona kiongozi wala kampuni ya leo iliyopanga mambo kwa utaratibu ule.

Novemba 2025 Total iliondoa zuio ililolitangaza Aprili 2021. Wakati huo Afungi ilikuwa imefungwa kama kisiwa, watu wakiingia kwa ndege na boti, na ulinzi ukitegemea majeshi ya Rwanda. Barua ya kampuni kwa serikali ya Msumbiji iliomba miaka 10 ya nyongeza kwenye mkataba na dola bilioni 4.5 za gharama zilizotokana na kusimama kwa kazi ziingizwe kwenye hesabu za mradi. Katika mikataba ya gesi ya aina hii, gharama zinazokubaliwa hurudishwa kwa mwekezaji kabla serikali haijapata mgawo wake wa faida. Maana yake ni kwamba kila dola ya kusimama huko itakayokubaliwa itachelewesha fungu la nchi, na watu wa Palma wamo kwenye foleni hiyo, mwishoni.