Mfuko wa Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere

Mwaka 2009, miaka 10 tangu Julius Nyerere afariki dunia, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo kwa jina lake. Heshima hiyo inamfaa mtu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa, kisha mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea.

Mfuko huwalenga hasa wasichana waliofaulu vizuri wanaosomea hisabati na sayansi vyuo vikuu vya nchini. Hapo ndipo penye busara: binti wa Makete, aliyekulia kwenye baridi ya Kitulo na kupata alama za juu za fizikia kidato cha sita, anaweza kukwama kwa ada, chakula na malazi tu. Shahada ya uzamili nayo hufadhiliwa, ikiwemo ya uchumi.