Tuzo Kabla ya Ngoma

Wazee husema kwamba mcheza kwao hutuzwa, na ndani ya maneno hayo machache mna utaratibu ambao hatuna mazoea ya kuutazama: kucheza hutangulia, tuzo hufuata. Katika taarabu mtu huinuka na fedha mkononi baada ya sauti ya mwimbaji kumgusa, wala hainuki kabla. Fedha ile ni hukumu. Ni uhakiki wa mtu asiyeandika. Napenda katika makala haya kuitazama santuri moja ya Marekani ambayo kwayo utaratibu huo ulipinduliwa, tuzo ikatolewa kwanza na ngoma ikachezwa miaka miwili baadaye, ili tuone kama hukumu yaweza kuitwa hukumu inapotolewa kabla ya kazi kuwapo.

Santuri hiyo yaitwa Engine of a Million Plots, nayo ni ya bendi ya Five Iron Frenzy, ya mji wa Denver katika jimbo la Colorado. Bendi iliundwa mwaka 1995, wakawa vijana wanane wa Kikristo waliochanganya panki ya pop, yaani ile panki nyepesi yenye gitaa za kasi na viitikio vitamu, pamoja na ska, muziki uliozaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye mapigo ya kurukaruka na tarumbeta, tromboni na saksafoni. Mwimbaji wao, Reese Roper, ambaye ndiye mtunzi wa maneno yao mengi, alikuwa na ulimi wa mzaha. Waliweza kuimba upuuzi mtupu katika wimbo mmoja, na katika ule unaofuata wakaishitaki nchi yao kwa yale iliyowatenda wenyeji wake wa asili. Mwaka 2000 walitoa santuri waliyoiita All the Hype That Money Can Buy, jina la kuidhihaki biashara ya muziki, kana kwamba shangwe nayo hununuliwa dukani. Msomaji na aliweke jina hilo akilini.

Bendi hii ilijua kufa. Nasema hivyo kwa sababu bendi nyingi hazijui: hufifia, hugombana, hutoweka pasipo kuaga. Hawa walitangaza mwisho wao mapema, wakafanya safari ya kuaga waliyoiita Winners Never Quit, yaani washindi hawaachi kamwe, nao wakiwa njiani kuacha. Santuri yao ya kuagana, The End Is Near, ilitoka mwaka 2003, na wimbo wake wa mwisho, On Distant Shores, unapokaribia kuisha hurudi kwenye kiitikio cha Every New Day, wimbo uliofunga santuri yao ya mwaka 1997. Mduara ulikuwa umekamilika. Onyesho la mwisho walilifanya mjini kwao, katika ukumbi wa Fillmore Auditorium, tarehe 22 Novemba 2003. Kitabu kilifungwa, na kilifungwa vizuri.

Tarehe 22 Novemba 2011, miaka minane kamili baadaye, walikifungua tena. Walitoa wimbo mmoja mpya bure, uitwao It Was a Dark and Stormy Night, wakawaomba wapenzi wao dola 30,000 za kurekodi santuri nzima. Ombi lilipitia Kickstarter, mahali pa michango ndani ya intaneti palipofunguliwa mwaka 2009, ambapo mwombaji hutaja kiasi atakacho na siku za kungoja, na kiasi hicho kisipotimia hakuna anayetozwa hata senti. Dola 30,000 zilitimia kabla ya saa moja kwisha. Mchango ulipofungwa, zilikuwa dola 207,980, karibu mara saba ya walichoomba.

Yafaa tukiri kwamba jambo lenyewe si geni. Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanajua kwamba Alexander Pope, alipoifasiri Iliad ya Homer na kuitoa kwa mafungu kuanzia mwaka 1715, alilipwa na watu walioandikisha majina yao kwanza. Bendi ya Marillion ya Uingereza ilitangulia Kickstarter kwa miaka mingi: mwaka 1997 wapenzi wake walichanga dola 60,000 ili ipate kuzuru Marekani, na santuri yake ya mwaka 2001 ililipiwa na watu zaidi ya 12,000 kabla haijarekodiwa. Lakini Marillion ilikuwa haijavunjika, na walioandikisha majina kwa Pope walikuwa wakingojea Homer, kitu ambacho kilikuwapo tangu zamani. Waliochangia Five Iron Frenzy walikuwa wakingojea nini? Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 16 bendi ilipotoa Every New Day, alikuwa na miaka 30 siku ile ombi lilipotolewa. Yamkini alikuwa na kazi, pengine na watoto, na kwa mara ya kwanza alikuwa na fedha za kununua ujana wake, kama ungalikuwa ukiuzwa. Sidhani kwamba ni muziki mpya uliozitoa dola zile mfukoni kwa saa moja. Ni kumbukumbu.

Hapa ndipo palipo na hatari, nayo ni hatari ya sanaa kuliko ya fedha. Hatari ya fedha iko, na kila mtu aijua: kampuni ya PledgeMusic, iliyokusanya michango ya namna hii kwa ajili ya wanamuziki, ilianguka mwaka 2019 ikiwa na madeni yao. Hatari ya sanaa ni ya siri zaidi. Mtu akikulipa kwa kumbukumbu, ni rahisi mno kumrudishia kumbukumbu. Ungetwaa tarumbeta zilezile, mizaha ileile, mapigo ya kurukaruka yaleyale, na kila mtu angekwenda zake ameridhika. Na santuri ingekuwa stakabadhi ya malipo tu.

Engine of a Million Plots ilitoka Novemba 2013, nyimbo 12, na haikuwa stakabadhi. Mtu anayeingoja ska hupokewa na gitaa nzito. Tarumbeta zimo, lakini zimesogezwa nyuma, zikawa kama watu wa nyumbani wanaosaidia kazi badala ya kuwa wageni wa heshima. Wimbo wa kwanza, Against a Sea of Troubles, umetwaa jina lake katika yale mazungumzo ya Hamlet na nafsi yake, pale anapopima kama yafaa kuishi au kufa. Nami sijui mlango mwingine wa kuingilia sherehe ya marejeo ulio mzito namna hiyo. Wimbo wa mwisho, Blizzards and Bygones, jina lake ni la tufani za theluji na mambo yaliyokwisha pita. Kati ya Hamlet na theluji, kitu kinachosikika tena na tena ni shaka: shaka ya watu waliofika utu uzima na kukuta kwamba majibu ya ujana hayatoshi.

Shaka hiyo ina asili yake. Scott Kerr, mpiga gitaa na mtunzi wa muziki mwingi wa mwanzo, aliondoka mwaka 1998. Alirejea mwaka 2011, safari hii akishika gitaa la besi. Bendi iliyorudi haikuwa tena ya imani moja, nayo haikulificha jambo hilo. Wengi wa waliochanga walikuwa wamekua na nyimbo hizi makanisani mwao. Basi ilikuwa rahisi, na faida ilikuwa dhahiri, kuwaimbia kana kwamba hakuna lililobadilika. Badala yake wapo nyimbo kama Zen and the Art of Xenophobia, dhihaka kali juu ya Mmarekani anayechanganya dini, bunduki na chuki ya wageni katika sahani moja. Naamini baadhi ya fedha za mchango zilitoka katika nyumba zilizochomwa na wimbo huo.

Si kwamba kila mahali walisimama imara. Battle Dancing Unicorns with Glitter hunisikikia kama ushuru uliolipwa kwa wasikilizaji wa zamani: mzaha upo kwa sababu mzaha ulitarajiwa, nao umekaa katikati ya santuri hii nzito kama kofia ya sherehe juu ya kichwa cha mtu mwenye mawazo. Hapo mkono wa mchangaji waonekana. Mahali pengine hauonekani, na huo ndio ushindi wa kazi hii.

Lakini ni nani atakayeuhakikisha ushindi huo? Mchangaji aliyetoa fedha mwaka 2011 hakuwa msikilizaji huru mwaka 2013. Akisifu, huisifu busara yake mwenyewe; akilaumu, hulaumu kwa uchungu wa mdai, akipima kama deni limelipwa kwa sarafu ileile. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba ska ilikuwa chache, na lalamiko lenyewe ni la haki kwa mdai, wala si la haki kwa mhakiki, kwa maana mhakiki hakuahidiwa kitu. Mimi sikuchanga. Niliisikia santuri hii miaka kadhaa baada ya kutoka, pasipo kumbukumbu yoyote ya kurudishiwa, na kwa hiyo naweza kusema kwamba ni bora kuliko santuri nyingi walizotoa walipokuwa vijana, isipokuwa ile ya kuagana.

Mwaka 2021 bendi ilitoa santuri nyingine, Until This Shakes Apart, nayo pia kwa michango. Humo ska imerudi mbele, tarumbeta zimeketi tena katika viti vyao vya heshima, na maneno yamezidi kuwa makali juu ya siasa za nchi yao. Wadai wa mwaka 2013 walipata sauti waliyoidai, miaka minane baada ya siku ya malipo, ikiwa imebeba maneno ambayo hawakuyaagiza.