Istilahi za Sumu ya Metali na Uzazi wa Mwanamke

Istilahi hupimwa kwa kazi inayofanya, wala si kwa uzuri wa sura yake. Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Chunya mkoani Mbeya na ya Nyakavangala mkoani Iringa, zebaki hutumika kunasa dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mwanamke mjamzito aliye karibu huuvuta, ukaingia damuni na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Maonyo hayana budi kutafsiriwa. Istilahi tatu zinazotumika mara kwa mara zastahili kuhakikiwa.

Kwanza, "kuathiriwa na zebaki", kwa maana ya sumu kumfikia mtu. Kufikiwa ni jambo moja, kudhurika ni jingine, na madhara huweza kuchelewa. Asomaye "walioathiriwa", naye anajiona mzima, hudhani onyo si lake. "Kugusana" nako hakufai, kwani huelekeza fikira mkononi ilhali mvuke hupitia pumzi. Twapendekeza "kufikiwa na sumu".

Pili, "madini mazito". Mjamzito huyo huyo hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma. Akiambiwa kwamba madini humdhuru mtoto, aweza kuviacha. "Metali nzito" ni bora, lakini haitoshi. Zitajwe kwa majina: zebaki, kadimi, na "metali ya risasi", ili ya mwisho isidhaniwe kuwa ni ya bunduki.

Tatu, "kuharibu kizazi". Neno hili lina maana ya mji wa mimba, tena ya watoto na wajukuu. Sumu hizi hazitendi kazi mahali pamoja: kadimi hujikusanya katika kondo la nyuma, risasi hukaa mifupani miaka mingi, na wakati wa mimba hurudi damuni. Mfasiri ataje kiungo chenyewe: ovari, mji wa mimba au kondo.

Kwa hiyo, kabla onyo halijapigwa chapa, lisomwe mbele ya mkunga na wanawake wa machimboni, kisha waulizwe wameelewa nini. Tafsiri isiyostahimili jaribio hilo irudishwe mezani, hata kama kila neno lake ni sanifu.