Hongera Mafundi Rejeta wa Nyakahanga

Asubuhi za Karagwe zina baridi na ukungu. Ukiendesha Land Cruiser ya miaka ya 1970 kutoka Nyakahanga, hita ndiyo inayokausha kioo cha mbele uone barabara. Ndani yake mna rejeta ndogo, iliyofichwa chini ya dashibodi, inayopitisha maji ya moto ya injini. Ikitoboka, zulia linalowa na kioo kinajaa mvuke.

Njia ya mkato ni kuunganisha mipira miwili ya maji na kuiruka hita. Gari litatembea, lakini dereva ataendesha akifuta kioo kwa kitambaa. Fundi mwenye heshima na kazi yake anasubiri injini ipoe, anamwaga maji, anafungua hita, anaitoa rejeta. Anaziba mdomo mmoja wa rejeta, anaizamisha kwenye beseni la maji na kupuliza upepo kwenye mdomo wa pili. Povu linapotoka, ndipo penye tundu. Anapasugua hadi shaba ing'ae, kisha analehemu na kupima tena.

Kwa kazi hiyo magari ya zamani yanaendelea kubeba watu. Hongereni, mafundi wetu. Nanyi wenye magari, walipeni vizuri, na wapeni vijana wa kuwafundisha.